Uzuri wa Mji wa Ziwani Huanzia Chini ya Ardhi



Msafiri anayeingia Mwanza kwa meli hupokelewa na Jiwe la Bismarck, vilima vya miamba, na nyumba zilizopandiana hadi kileleni. Karibu na bandari kipo kisiwa cha Saanane, ambacho tangu mwaka 2013 ni hifadhi ya taifa. Kwa mandhari, Mwanza haina haja ya kumwonea wivu mtu. Lakini mji wa ziwani haupimwi kwa mandhari peke yake. Hupimwa kwa maji yake.

Nchini Ufaransa, chini ya milima ya Alps, upo mji uitwao Annecy. Ziwa lake ni dogo, kilometa za mraba zipatazo 27 tu. Leo wakazi huogelea humo, na maji ya ziwa hilo hilo hutoka mabombani mwao. Wageni hudhani kuwa hiyo ni bahati tu. La hasha! Baada ya Vita Kuu ya Pili, majitaka ya nyumba na hoteli yalikuwa yakiishia ziwani. Wavuvi walilalamika, na daktari mmoja, Paul-Louis Servettaz, akapiga kelele bila kuchoka. Mwaka 1957 halmashauri za kandokando ziliungana. Zikalizungushia ziwa bomba kubwa, likakusanya majitaka na kuyapeleka kusafishwa mbali na ziwa. Fedha nyingi zilifukiwa chini ya ardhi, mahali ambapo hakuna mgeni anayepiga picha.

Sisi je? Maji tunayokunywa Mwanza huvutwa ziwani, pale Capri Point na katika mtambo mpya wa Butimba. Humo humo ziwani ndimo unamomwaga mto Mirongo, uliokwisha kupita katikati ya mji na kubeba kila kilichotupwa. Huko milimani, Igogo na Mabatini, mwamba hauruhusu kuchimba choo kirefu, na gari la kunyonya majitaka haliwezi kupanda. Matokeo yake wapo wanaosubiri mvua kubwa wakatapisha vyoo. Mvua ikiisha, uchafu huo umekwisha kufika ziwani, na kipindupindu kinabisha hodi.

Wapo watakaosema kwamba Ziwa Victoria lina kilometa za mraba zaidi ya 68,000, haliwezi kuchafuliwa na mji mmoja. Huko ni kujidanganya. Ziwa hili ni pana, lakini kina chake kwa wastani ni mita 40 tu, na uchafu wa mji hukaa kwanza katika ghuba ya mji. Magugu maji yaliyotusumbua katika miaka ya 1990 yalinawiri kwa sababu maji yalikwisha kurutubishwa na uchafu kutoka nchi kavu.

Sheria tunayo. Ile ya Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa ziwa. Ufundi nao upo. Katika baadhi ya mitaa ya milimani yamelazwa mabomba membamba ya majitaka, yanayopita kati ya nyumba na nyumba bila kuhitaji barabara. Kazi iliyobaki ni kuyafikisha kwa wengi.

Lakini kidole kimoja hakivunji chawa. Jiji la Mwanza, Manispaa ya Ilemela, Magu, Misungwi na Sengerema zina mipaka yao kwenye ramani. Maji hayaijui mipaka hiyo. Kabla ya kugawa kiwanja kingine cha hoteli ufukweni, madiwani wetu na waulize kwanza: majitaka yake yatakwenda wapi? Na sisi wananchi tusingoje madiwani ndipo tuache kutapisha vyoo. Hakuna mwenye akili timamu anayechafua kisima anachochota.