Kitabu Mbele ya Kamera: Mazungumzo kwa Wazazi na Walimu



Mazungumzo ya leo yanahusu vitabu vya karatasi ambavyo, mtoto akielekeza kamera ya simu kwenye ukurasa, anaona kwenye kioo moyo wa binadamu ukidunda au volkano ikitoa moshi. Wengi wakiona mara ya kwanza husema ni mazingaombwe. Sivyo. Kamera hutambua picha au alama iliyochapishwa, programu hukadiria ukurasa umeinama vipi na uko umbali gani, kisha huchora picha nyingine juu yake. Kitabu kikigeuzwa, picha nayo hugeuka.

Wazo hili si geni. Mwaka 2001, Mark Billinghurst, Hirokazu Kato na Ivan Poupyrev walieleza mradi wao ulioitwa MagicBook. Msomaji alishika kifaa mbele ya macho, na picha zikasimama juu ya ukurasa. Akitaka zaidi, alisogeza swichi akajikuta ndani ya hadithi, huku mwenzake aliyebaki nje akimwona kama kijitu kidogo ukurasani. Lakini kubwa kuliko yote, bila kifaa chochote MagicBook ilibaki kitabu cha kawaida, chenye maandishi na picha.

Hapo ndipo pa kutua kidogo. Mwaka 2012 huko Marekani kilitoka kitabu cha mashairi, Between Page and Screen, cha Amaranth Borsuk na Brad Bouse. Kurasa zake zina alama za mraba nyeusi na nyeupe badala ya mashairi. Maneno hutokea tu kitabu kikishikwa mbele ya kamera ya kompyuta. Kama sanaa, kinapendeza. Kwa darasa la watoto sitini na simu moja, ya mwalimu, kitabu cha namna hiyo ni mzigo. Na programu zenyewe hazidumu. Google Expeditions, iliyowatembeza wanafunzi sehemu za mbali kwa picha za uhalisia pepe, ilifungwa na Google tarehe 30 Juni 2021.

Faida ipo, tena kubwa. Mwanafunzi anayeweza kuuzungusha moyo na kuutazama kutoka nyuma huelewa kitu ambacho mchoro bapa haumwonyeshi. Kwa mzee au mtoto mwenye uoni hafifu, Lookout ya Google na Seeing AI ya Microsoft husoma kwa sauti maandishi ambayo kamera imeyaona. Hazina madoido, na pengine ndizo za maana zaidi nyumbani.

Basi kabla ya kulipa, zima simu kwanza, usome kurasa mbili tatu. Kama hakuna cha kusoma, kirudishe. Kikiwa na maandishi ya kutosha, jaribu programu yake kwa simu iliyoko nyumbani, si ya muuzaji, na uulize kama inafanya kazi bando likiisha. Angalia pia inaomba ruhusa gani. Kamera ni lazima. Ikitaka namba zilizohifadhiwa kwenye simu na mahali mtoto alipo ili tu imwonyeshe twiga, ikataliwe. Sheria ya Kulinda Data ya mwaka 2019 inataka idhini ya mzazi au mlezi kabla ya taarifa za mtoto kutumiwa.