Maua Katika Kinara cha Mungu

Masomo: Kutoka 25:31-40, Yeremia 1:11-12



Kuna ndugu kati yetu wanaofundisha kwamba mtu aliyeokoka asichore majani wala kusuka maua kwenye mkeka, maana Kutoka 20 inakataza mifano. Kwa neno hilo vijana wengine wameacha kuchora, na mama wengine wameacha kazi ya mikono iliyokuwa inalisha watoto. Je, ndivyo Maandiko yasemavyo?

Endeleeni kusoma sura tano tu. Mungu yule yule anamwagiza Musa atengeneze kinara cha dhahabu chenye matawi sita. Kila tawi lina vikombe vitatu mfano wa maua ya mlozi, na shina lake lina vinne. Jumla ni maua 22 ndani ya Patakatifu! Basi kilichokatazwa ni kuvisujudia.

Kwa nini mlozi? Katika nchi ya Israeli, mti huo ni kati ya miti ya kwanza kuchanua, baridi ikiwa haijaisha, kabla ya majani kutoka. Kwa Kiebrania unaitwa shaked; na neno la karibu nalo, shoked, ni mwenye kukesha. Ndiyo maana Yeremia alipoona tawi la mlozi, Bwana alimwambia kwamba anaangalia neno lake apate kulitimiza. Ua la majira mapya lilikuwa mahubiri.

Tutazame kwetu. Katika msitu wa Ituri, wanaume Wambuti hupiga ganda la ndani la mti mpaka linakuwa kitambaa laini. Wanawake hulichora kwa vidole na vijiti, kwa maji ya matunda ya gadenia na unga wa makala. Mti, tunda na makala vyote vimetoka porini. Nani aliupanda msitu ule? Ni Bwana.

Lakini tusidanganyane. Nyoka ya shaba ilitengenezwa kwa amri ya Mungu, na bado Hezekia aliivunja, kwa sababu watu waliifukizia uvumba (2 Wafalme 18:4). Kazi yako ikigeuka hirizi, ivunje. Kama haiabudiwi, usiiogope.

Mama unayesuka, kumbuka kisafina cha mafunjo: majani ya mtoni, mikono ya mama, na Musa akaishi. Kijana, mvua ikirudi, tazama majani yanayoota kando ya njia ambayo hakuna aliyeyapanda, uyachore kwa shukrani. Wachungaji wenzangu, kabla ya kuhukumu kazi ya mtu, tuulize swali moja: je, inaabudiwa?

Tuombe. Baba, bariki mikono ya watoto wako, na uilinde mioyo yao na sanamu. Kwa jina la Yesu. Amina.