Makato ya SHA Hayamsajili Mtoto: Wategemezi na Ritani ya Ushuru

(Maelezo yaliyotolewa na afisa wa Idara ya Afya ya Kaunti kwa wakazi katika baraza la wodi)

 

Chukueni mfano wa baba aliyeajiriwa kwa mshahara wa shilingi 50,000 kwa mwezi. Kila mwezi hukatwa asilimia 2.75, yaani shilingi 1,375, kwa ajili ya Hazina ya Bima ya Afya ya Jamii (SHIF). Siku mtoto wake anapolazwa, karani wa hospitali anatafuta jina la mtoto kwenye mtambo na halipo. Baba anatoa karatasi ya mshahara kuonyesha makato, lakini haimsaidii. Amelipa, ila hakuwahi kumsajili mtoto.

Hapo ndipo wengi hukwama. Kuna vitabu viwili tofauti. Kimoja ni cha Mamlaka ya Afya ya Jamii (SHA), ambacho huandika nani yuko katika familia yako. Kingine ni cha Mamlaka ya Ushuru (KRA), ambacho huandika ulichopata, ulichokatwa na nafuu unayostahili. Kujaza kimoja hakujazi kingine.

Kwanza, kitabu cha SHA. Piga *147# au ingia kwenye tovuti ya Afya Yangu, kisha uongeze mwenzi wako kwa nambari ya kitambulisho na watoto kwa vyeti vya kuzaliwa. Mtoto asiye na cheti, mzazi aanze leo kwa naibu wa chifu na ofisi ya usajili wa vizazi. Kijana aliye chuoni ambaye hajafikisha miaka 25 na bado anategemea wazazi, msimwache nje. Vivyo hivyo mtu mwenye ulemavu anayetegemea familia kwa kila kitu.

Wengine huogopa kwamba wakiandika watoto wengi watakatwa zaidi. Sivyo. Aliyeajiriwa hukatwa kulingana na mshahara, awe na mtoto mmoja au saba. Asiyeajiriwa hupimwa kulingana na mapato ya nyumba yake, na mchango wa chini kabisa ni shilingi 300 kwa mwezi. Aidha, aliyesajiliwa hupata huduma za msingi katika zahanati na vituo vya afya, ngazi ya 2 na 3, bila kulipa chochote.

Pili, kitabu cha KRA. Hapa pia kuna dhana potovu kwamba watoto hupunguza ushuru. Nchini Kenya, nafuu ya kibinafsi ni shilingi 2,400 kwa mwezi kwa kila mkazi anayelipa ushuru, mwenye watoto na asiye nao. Kinachopunguza ushuru ni bima yenyewe, nayo iko ya aina mbili.

Mchango wa SHIF, tangu sheria ilipobadilishwa mwishoni mwa Desemba 2024, huondolewa kwenye mapato kabla ya ushuru kukokotolewa. Kwa yule baba wa shilingi 50,000, ambaye sehemu ya juu ya mshahara wake hutozwa asilimia 30, shilingi 1,375 humpunguzia ushuru wa takriban shilingi 412 kila mwezi. Mwajiri hufanya hesabu hiyo na kuionyesha kwenye fomu ya P9. Usiuandike mchango huohuo tena kama nafuu ya bima.

Bima ya afya ya kibinafsi, uliyojilipia wewe, mwenzi wako au mtoto, hukupa nafuu ya asilimia 15 ya ulicholipa, isiyozidi shilingi 60,000 kwa mwaka. Ukilipa shilingi 40,000, nafuu ni 6,000. Ili uipate, omba kampuni ya bima cheti cha malipo, kisha ujaze kwenye ritani PIN ya kampuni, nambari ya bima na jina la aliyekatiwa bima hiyo.

Ritani huwasilishwa kufikia Juni 30 kila mwaka. Mtu binafsi akichelewa hutozwa faini ya shilingi 2,000 au asilimia 5 ya ushuru anaodaiwa, ile iliyo kubwa. Mwenye P9 asiwasilishe ritani ya sufuri kwa sababu tu mwenziwe wa saiba alimwambia ni rahisi. Mapato yake yanajulikana.

Basi kila mmoja akifika nyumbani leo afanye jambo moja kabla ya kulala: apige *147# na kusoma majina yaliyoandikwa chini ya jina lake. Mtoto akikosekana, amwongeze akiwa mzima. Mgonjwa hasubiri mtambo.