Kiti ao wazo? Maisha ya Oskar Lafontaine



Mutu akihama chama, tunasema palepale: anafuata chakula. Leo tuangalie Mujerumani mumoja, Oskar Lafontaine, kisha tuhukumu polepole.

Alikuwa meya wa Saarbrücken, akaongoza jimbo la Saarland. 1990 chama chake, SPD, kilimutuma kugombea ukansela. Katika kampeni alichomwa kisu shingoni. Alipona, lakini Helmut Kohl alimushinda.

1998 akawa waziri wa feza. Miezi mitano tu, hakusikilizana na kansela Schröder, akaacha vyote: uwaziri, uongozi wa chama na kiti cha bunge. 2005 akatoka SPD, juu ilipunguza musaada wa watu wasio na kazi. 2007 yeye na wengine wakaanzisha Die Linke. 2022 akaiacha nayo. 2024 akaingia chama cha bibi yake, Sahra Wagenknecht.

Vyama vingi! Wengine wanamuita musaliti. Sisi hatumusifu, hatumutukane. Tunauliza tu: kila mara alipohama, alipata nini, aliacha nini?

Swali hiyo tuiulize kila mwenye kuomba kura. Na sisi wenyewe, siku tutaitwa kukaa ku kiti.