Mto Unaorudi Nyuma: Maneno kwa Wanaovua kwa Mshipi Mji wa Kale

(Haya ni mazungumzo waliyopewa wanavikundi wa kujisaidia kutoka vijiji vya upande wa Rabai na Kaloleni walipozuru Mombasa. Tumeyaandika karibu kama yalivyosemwa.)

Nimeambiwa kwamba wengi wenu si wageni wa ndoana. Siku ya mapumziko mwakaa kando ya mto na ufito na uzi, mwapata kambare au perege, jioni mwarudi nyumbani na kitoweo na hadithi. Sasa mwataka kujaribu huku kwetu. Ni vyema. Uvuvi wa mshipi ni starehe ya bei nafuu, hauhitaji mashua. Lakini kuna jambo moja ambalo mtu wa mtoni lazima alijue kabla hajakanyaga mwamba wa huku, na hilo ndilo nitakalolizungumza sana.

Mto wenu wa Kombeni waishia hapa. Kombeni na Tsalu humwaga maji yake katika hori ya Tudor. Hori hiyo hupita chini ya daraja la Nyali, ikaja mbele ya Bandari ya Kale, ikapita chini ya Ngome, yaani Fort Jesus, ndipo ikaingia baharini. Kwa hivyo mtu akisimama pale kwenye ngazi za Leven akitazama maji, aona kama mto mkubwa tu. Tofauti ni kwamba mto wa kwenu waenda upande mmoja siku zote. Huu wetu huenda, ukasimama, ukarudi. Na ukirudi hurudi juu ya pale ulipokuwa umekaa.

Hebu tulieleze vizuri. Maji ya bahari hujaa mara mbili na kupwa mara mbili katika muda wa siku moja na dakika kama 50. Ndiyo sababu kila siku saa za maji husogea mbele. Mwezi ukiwa mwandamo au mpevu tuna bamvua: maji hupwa mbali sana na hujaa juu sana. Hapa Mombasa tofauti ya maji makavu na maji makuu wakati wa bamvua huzidi mita 3, yaani urefu wa dari ya nyumba. Mwezi ukiwa nusu tuna maji mafu, tofauti ni kama mita 1 tu.

Na hapa kuna siri ambayo wazee wetu waliijua bila vitabu. Siku za bamvua hapa kwetu maji hujaa karibu saa kumi, ya alfajiri na ya jioni, na hupwa karibu saa nne, ya asubuhi na ya usiku. Siku za maji mafu ni kinyume, hujaa karibu saa nne na kupwa karibu saa kumi. Ukiujua mwezi ni wa ngapi, waweza kukisia maji bila saa ya mkononi. Atakaye hesabu kamili, Mamlaka ya Bandari hutoa jedwali la maji kila mwaka, na vijana wenye simu wanaliona humo humo.

Sasa sikilizeni, maana ndipo watu wanapopotea. Maji hayapandi sawasawa. Yachukua kama saa sita kujaa. Saa ya kwanza huyaoni hata yakisogea, mtu hukaa akadhani yamelala. Saa ya pili yaongezeka kidogo. Lakini saa ya tatu na ya nne ndizo za hatari: katika saa hizo mbili peke yake hupanda nusu ya kimo chote. Kama bamvua ni ya mita 3, basi ni mita 1 na nusu ndani ya saa mbili. Ule mwamba uliokaa ukiwa mkavu, njia uliyopitia kwa miguu ukiwa na kikapu, yote yamefunikwa, na nyuma yako ni ukuta wa jabali la matumbawe uliochimbwa na mawimbi kwa chini, haupandiki. Mkondo nao umeshika nguvu. Mtu anayejua kuogelea mtoni hapa atachoka.

Basi kanuni ni hii. Usiteremke mwambani kabla hujajua maji yatageuka saa ngapi. Chagua jiwe lako na, kabla hujatupa mshipi, tazama njia ya kurudi. Tazama pia rangi ya mwamba: palipo na chaza na ukijani ni mahali pa maji, hata kama leo pamekauka. Saa mbili baada ya maji kugeuka, panda juu. Hata kama samaki ndio kwanza wanakula. Najua ni uchungu, lakini kutoka juu ya ngazi pia waweza kuvua.

Na kila kundi liende na kidumu cha lita 5, kitupu, kimefungwa kifuniko barabara, na kamba ndefu mkononi mwake. Mtu akianguka, mtupieni kidumu. Msimrukie. Mwenye kuzama humshika aliyekuja kumwokoa wakaenda wote wawili.

Tuje kwenye uvuvi wenyewe, maana naona vijana washaanza kunitazama. Samaki hula maji yakitembea, si yakiwa yamesimama wala yakivuma. Kwa hiyo saa mbili za mwanzo wa maji kujaa ni nzuri, na ni bahati kwamba ndizo pia salama. Chukua mshipi wa nailoni, ndoana mbili au tatu, na chubwi ya kutosha kufika chini. Kumbuka nambari za ndoana za kawaida zaenda kinyume: nambari ikiwa kubwa ndoana ni ndogo. Kwa chaa na changu wadogo wadogo wa hori, ndoana ndogo na kipande cha kamba au ngisi. Mkizi hataki nyama, mjaribu kwa mkate. Tewa hukaa kwenye mapango ya mawe. Akila, mvute upesi kabla hajaingia shimoni, la sivyo umepoteza samaki na ndoana.

Usizungushe mshipi kwenye kidole, wala kiunoni. Kolekole mkubwa au taa akikimbia nao, nailoni hukata mpaka mfupa. Vaa kipande cha tyubu ya baiskeli kidoleni, uache mshipi upite juu yake.

Kuna samaki ambao mto wenu haukuwafunza. Ngogo ana miba yenye sumu, tafi pia ana miba, na taa ana mwiba mkiani. Washike kwa kitambaa, ama ukate mshipi. Aliyechomwa, tia mguu au mkono wake katika maji ya moto kadiri awezavyo kuvumilia bila kuungua, mtu mwingine apime kwanza kwa mkono wake, akae humo nusu saa hadi saa moja na nusu. Joto hupunguza maumivu sana. Kisha aende hospitali, hasa kama mwiba umebaki ndani au pumzi yabana.

Bunju, yule anayejivimbisha kama mpira, msimle kabisa. Msimpe paka wala msimwachie mtoto. Sumu yake haitoki kwa kupika, kukaanga wala kukausha. Mdomo huanza kufa ganzi, kisha viungo, kisha pumzi. Dawa ya kuivunja haipo. Hospitali humsaidia mtu apumue mpaka sumu iishe.

Wengine wataniuliza juu ya majira. Wakati wa Kusi bahari ya nje huchafuka na hori ndiyo hubaki na utulivu, kwa hiyo mtakutana na watu wengi. Mvua za masika zikishuka maji huwa mekundu kwa udongo. Huo udongo, msinikasirikie, sehemu yake ni mashamba yenu yaliyolimwa hadi ukingoni mwa mto. Hufunika mizizi ya mikoko ambako samaki wachanga wanalelewa. Na msivue mbele ya mitaro ya maji machafu ya mjini, wala msile chaza waliookotwa hapo.

Kuhusu ruhusa: ulizeni kikundi cha usimamizi wa ufuo, hicho wanachokiita BMU, na ofisi ya samaki, kabla ya siku ya safari. Uvuvi wa kujifurahisha nao uko chini ya sheria ya mwaka 2016. Hifadhi ya Bahari ya Mombasa, iliyowekwa mwaka 1986 huko kaskazini, haivuliwi hata kwa mshipi mmoja. Na hapa Bandari ya Kale msitupe mshipi juu ya kamba ya jahazi la mtu. Kuna wanaokula kwa kazi hii. Mwachieni nafasi yake aliyefika kwa ajili ya unga wa jioni. Samaki mdogo mrudishe majini akiwa hai, kwa mkono uliolowa. Nailoni iliyokatika irudi nyumbani na wewe, maana kasa hunaswa nayo.

Leo mwezi ni wa pili. Maji yatageuka karibu saa tano. Tutateremka saa tano na nusu, na saa saba nataka niwahesabu wote juu ya ngazi. Wenye ndara wabaki juu na kina mama wanaotengeneza chambo. Mwamba una utelezi na miba ya urumbu. Kidumu atakishika nani?