HIFADHI YA PAMOJA NYUMBANI NA KAZINI: FUNZO KUTOKA HAYDOM

Maelezo ya mazungumzo kwa watumishi wa Serikali na wananchi



Nimetakiwa nizungumzie namna ya kuweka hifadhi moja ya mafaili, picha na filamu, itakayotumiwa na kompyuta, simu na televisheni zote za nyumba moja au ofisi moja. Wapo wanaoliona jambo hili kuwa ni anasa. Makusudio yangu ni kueleza kwamba lina manufaa makubwa, hasa kwetu sisi wa visiwani, ambao umeme na mawasiliano yetu hupita katika nyaya zilizolazwa chini ya bahari.

Hata hivyo, mfano wangu wa kwanza unatoka mbali na bahari. Haydom imo katika Wilaya ya Mbulu, Mkoa wa Manyara, takriban kilomita 300 kutoka mjini Arusha. Hospitali ya Kilutheri iliyopo hapo ilifunguliwa mwaka 1955 na huwahudumia watu wa Mbulu, Hanang na wilaya za jirani. Mwezi wa Aprili 2010 watumishi wake walipewa mafunzo ya siku moja ya kumsaidia mtoto mchanga anayezaliwa bila ya kupumua. Katika mazoezi walifanya vizuri zaidi kuliko awali, lakini utafiti ulionyesha kuwa kazi yenyewe katika chumba cha kuzalishia haikubadilika. Kuanzia Februari 2011 utaratibu ukageuzwa: mazoezi ya muda mfupi kwa kutumia mwanasesere yakafanywa mara kwa mara, pale pale kazini. Vifo vya watoto katika saa 24 za mwanzo vikapungua kutoka 11.1 hadi 7.2 kwa kila watoto 1,000 waliozaliwa. Matokeo hayo yalichapishwa mwaka 2015.

Funzo ninalolipata hapo ni kwamba elimu iliyo karibu na mtu hurudiwa, na inayorudiwa ndiyo inayokaa. Yapo mashirika, kama vile Global Health Media, yanayotoa filamu fupi za mafunzo ya uzazi na ya watoto wachanga, baadhi yake kwa Kiswahili, na huruhusu kuzichukua bila ya malipo. Ikiwa kila mkunga atalazimika kununua kifurushi cha intaneti kila anapotaka kuitazama filamu hiyo, ataitazama mara moja tu. Ikiwekwa katika hifadhi ya ndani, huchukuliwa mara moja kutoka nje, na baadaye hutazamwa mara mia bila ya gharama ya intaneti. Hali ni hiyo hiyo kwa masomo ya skuli na kwa picha za arusi za familia.

Ndugu Wananchi, utaratibu wa kuweka hifadhi hiyo ni huu ufuatao.

Kwanza, vifaa. Kompyuta ya zamani iliyo nzima inatosha kuanzia. Iunganishwe na ruta kwa waya, kwa kuwa wote watasoma kutoka kwake. Simu na televisheni zinaweza kutumia mawimbi ya ruta. Ipewe anwani isiyobadilika ndani ya mtandao wa nyumba, vinginevyo televisheni itaipoteza siku anwani itakapobadilika.

Pili, programu. Zipo programu huria za kutiririsha filamu na sauti, mojawapo ikiwa ni Jellyfin, iliyoanza mwaka 2018. Kila mtumiaji awe na jina lake na neno lake la siri. Watoto wapewe ruhusa ya kutazama, wasipewe ya kufuta. Filamu ziwe za mtindo wa H.264, ambao husomwa na karibu kila simu na televisheni, ili kompyuta ya zamani isielemewe na kazi ya kuzigeuza.

Tatu, ukubwa. Filamu ya megabiti 5 kwa sekunde huchukua gigabaiti 2.25 kwa saa. Hivyo diski ya terabaiti 1 huweza kubeba takriban saa 440.

Nne, nakala. Diski mbili zinazoandikwa kwa pamoja humkinga mtu na kufa kwa diski moja tu. Faili likifutwa kwa bahati mbaya, hufutika kote kuwili. Mwizi au moto huchukua zote mbili. Kwa hiyo ni lazima iwepo diski ya tatu, ihifadhiwe katika nyumba nyingine, na mara kwa mara ijaribiwe kama inasomeka.

Tano, usalama. Hifadhi isifunguliwe mlango wa kuingilia kutoka nje. Mafaili ya wagonjwa au ya wananchi yasichanganywe na filamu, na kisiwekwe kitu ambacho mwenyewe hakutoa ruhusa.

Ndugu Watumishi, tarehe 12 Mei 2024 nyaya za EASSy na Seacom zilikatika chini ya bahari, na intaneti ikazorota mno nchini Tanzania. Siku kama hiyo, mwenye hifadhi ya ndani huendelea kusoma na kufundisha. Lakini hifadhi hiyo nayo inahitaji umeme. Tunakumbuka kiza cha mwaka 2008, kilichodumu takriban mwezi mmoja hapa Unguja, na kile cha Disemba 2009 hadi Machi 2010. Betri ya akiba huipa kompyuta dakika za kuzimwa kwa utaratibu ili diski isiharibike. Kwa kiza cha siku nyingi, yale ya lazima yawemo pia ndani ya simu, au yachapishwe kwenye karatasi.

Wahenga wamesema akiba haiozi. Akiba hii ya diski huoza isipoangaliwa. Kwa hiyo kila ofisi, skuli na kituo cha afya kitakachoanzisha hifadhi kimteue mtu wa kuitunza, na nyumbani pia awepo mmoja anayejua nakala ilipo.