Kuthubutu ni kutenda: kitenzi, kitenzi-jina na kielezi katika Kiingereza cha kila siku

Apitaye katika barabara kuu ya Tottenham, kaskazini mwa London, hawezi kutouona uwanja wa klabu ya Tottenham Hotspur, uliofunguliwa mwaka 2019 na unaochukua watazamaji zaidi ya elfu 62. Ndiyo klabu aliyoichezea Mkenya Victor Wanyama kuanzia mwaka 2016 hadi 2020. Ilianzishwa mwaka 1882, na kaulimbiu yake ya Kilatini, Audere est facere, kwa Kiingereza husemwa "To dare is to do".

Maneno hayo matano ni somo zima la sarufi. Kwa Kiswahili ni "Kuthubutu ni kutenda". Neno "to" la Kiingereza limekaa mahali pa "ku-" ya Kiswahili, na kila lugha imekigeuza kitenzi kuwa jina. Ndiyo maana umbo hilo huitwa kitenzi-jina: ni kitenzi kwa asili na jina kwa kazi. Husemwa "kusoma kwake kunapendeza", kama isemwavyo "kalamu yake inapendeza".

Mzungumzaji wa Kiswahili akiuona mlinganisho huo hudhani kwamba kazi imekwisha, na kwamba kila penye "ku-" pataandikwa "to". Hapo ndipo taabu huanzia. Katika wilaya ya Haringey, iliyo na Tottenham ndani yake, Waturuki, Wasomali, Waghana, Wapoland na watu wa visiwa vya Karibiani huishi mtaa mmoja, na Kiingereza ndicho kinachowaunganisha. Ni lugha ya kuombea kazi, kumweleza daktari maradhi na kudai haki katika ofisi ya baraza la wilaya. Tangu Novemba 2005 waombaji wa uraia wa Uingereza hufanya mtihani kuhusu maisha ya nchi hiyo, na tangu Oktoba 2013 wengi wao hutakiwa pia kuthibitisha kwamba wanakisema na kukielewa Kiingereza kwa kiwango cha kati. Mahali pa neno moja dogo huweza kuwa na uzito mkubwa.

Kuacha na kusimama

Tuseme mgonjwa amekatiza dawa kwa sababu zilimdhuru tumbo. Kwa Kiswahili angesema, "Niliacha kumeza vidonge." Akiifuata "ku-" yake, atamwambia daktari, "I stopped to take the tablets." Daktari atasikia kinyume chake: kwamba mgonjwa alisimamisha shughuli nyingine ili ameze vidonge. Alichokusudia ni "I stopped taking the tablets."

Sababu ni kwamba Kiingereza kina majina mawili ya kitenzi, moja lenye "to" na jingine lenye kiishio "-ing", ilhali "ku-" ya Kiswahili hubeba kazi za yote mawili. Mara nyingi "to" hutazama mbele, kwenye jambo lililokusudiwa; "-ing" hutaja jambo ambalo tayari lipo au limepita. Vivyo hivyo, "I forgot to lock the door" ni "nilisahau kufunga mlango", na mlango ukabaki wazi. "I remember locking the door" ni "nakumbuka kwamba niliufunga". Mwenye kutoa maelezo polisi baada ya wizi hana budi kuzitofautisha kauli hizo.

Baadhi ya vitenzi havitaki "to" kabisa. Kiswahili husema "nataka kusema" na "naweza kusema" kwa umbo lile lile, lakini Kiingereza husema "I want to speak", kisha "I can speak". Kauli "I can to speak" humtambulisha mgeni mara moja.

Nani atende?

Kiswahili kina njia yake ya kuonyesha kwamba mmoja anataka na mwingine ndiye atendaye: irabu ya mwisho ya vitenzi vingi hugeuka kuwa "e". "Msimamizi anataka nije mapema." Mwenye kuifasiri sentensi hiyo neno kwa neno husema, "The manager wants that I come early." Kiingereza cha kawaida hakijengi hivyo. Humtaja kwanza mtu, kisha huleta kitenzi-jina: "The manager wants me to come early."

Ukanushi nao una mahali pake. "He told me not to come" ni "aliniambia nisije". "He didn't tell me to come" ni "hakuniambia nije". Katika kauli ya kwanza amri ilitolewa; katika ya pili haikutolewa. Mfanyakazi anayejieleza kwa nini hakufika kazini huweza kusadikiwa au kutosadikiwa kwa sababu ya tofauti hiyo.

Mvua inataka kunyesha

Waswahili husema "mvua inataka kunyesha", ingawa mvua haina matakwa. Kiingereza hutumia "about to": "It is about to rain." Maneno hayo yaliwahi kuwachekesha watu wa London. Januari 2018 mamlaka ya usafiri wa jiji ilijaribu tangazo jipya ndani ya mabasi, likiwataka abiria wajishikilie kwa kuwa "the bus is about to move", yaani basi li karibu kuondoka. Mara nyingi sauti hiyo ilitoka wakati basi limekwisha kuondoka, na abiria wakaifanyia mzaha. Tangazo lilibadilishwa likawa "while the bus is moving", wakati basi linapokwenda. Sarufi ya tangazo la kwanza haikuwa na kosa. Wakati wake ndio uliokosewa.

Kielezi na mahali pake

Kwa Kiswahili mtu huweza kusema "anazungumza Kiingereza vizuri" au "anazungumza vizuri Kiingereza". Kiingereza kwa kawaida hakiruhusu kielezi kukitenga kitenzi na yambwa yake: ni "She speaks English well". Vielezi vya mazoea hutangulia kitenzi, "He always comes late", lakini hufuata kitenzi cha kuwa, "He is always late".

Kiishio "-ly" nacho kina mtego. "Hard" ni kwa bidii, lakini "hardly" ni kwa shida au kwa nadra. Mwombaji kazi anayesema "I hardly worked", akidhani amejisifu kwa bidii, amekiri kwamba karibu hakufanya kazi yoyote. Tena, "I don't really understand" ni "sielewi vizuri", kauli ya upole. "I really don't understand" ni "kwa kweli sielewi". Neno moja limehama hatua moja, na maana imebadilika.

Je, kielezi kinaweza kuingia kati ya "to" na kitenzi? Kwa Kiswahili "ku-" imeshikamana na kitenzi. Hupokea kiambishi tu, kama katika "kumwona" na "kutokwenda". Lakini "to" ni neno linalojitegemea, na Waingereza wamebishana sana juu ya jambo hilo. Mwaka 1864 Henry Alford, kiongozi wa kanisa kuu la Canterbury, alilikemea. Mwaka 1926 H. W. Fowler, katika kamusi yake ya matumizi ya Kiingereza, alisema kwamba afadhali kutenganisha kuliko kuandika sentensi yenye utata. Leo watu husema "to really understand" bila wasiwasi.

Kwa hiyo, mwanafunzi wa Kiingereza hafaidiki sana kwa kukariri kitenzi peke yake. Hufaidika akikikariri pamoja na jirani yake: "want to", "can" bila "to", "stop" na "-ing", "want me to". Vitenzi vya Kiingereza hutembea na wenziwe, na anayewajua wenziwe hufahamika kama alivyokusudia. Mengine huja kwa kusema, kukosea na kusema tena, kwa maana kuthubutu ni kutenda.